Soksi Chini ya Meza

Nyumbani kwa shangazi Eulalia, mjini Segovia, asubuhi za baridi huanzia chini ya meza. Hapo pana jiko dogo la umeme la kuotea moto, na meza imefunikwa kitambaa kizito cha sufu kinachofika sakafuni. Mnakaa, mnajifunika mapajani, miguu inapata joto huku mnachovya mkate kwenye chokoleti ya moto.

Casilda, aliyekuja kutoka Zamora kutalii, aliipenda meza hiyo kuliko kitu chochote. Jana yake alicheza kwenye theluji, na soksi zake za kijani zilikuwa bado mbichi. Shangazi alikataza kabisa kuanika kitu juu ya jiko. Lakini walipoinuka kwenda kuuona mfereji wa kale uliokuwa ukiuletea mji maji, Casilda alizitandaza palepale, juu ya wavu wa jiko, akashusha kitambaa.

"Casi, umezima jiko?" shangazi aliuliza akiwa mlangoni.

"Nimezima, shangazi!"

"Haya, twendeni. Babu yenu amelala."

Babu Fermín alikuwa amevunjika nyonga. Hakuweza kutoka kitandani bila kushikwa, na masikio nayo yalikuwa mazito.

Mfereji ule unapita juu angani, matao juu ya matao, mawe yamepangwa bila saruji hata chembe. Watalii walikuwa wameinua shingo wakipiga picha. Gonzalo, mtoto wa shangazi, akaanza uchokozi wake.

"Unaona vishimo kwenye mawe? Ni alama za vidole vya shetani! Msichana mmoja mvivu alichoka kuteka maji, akamwambia shetani amjengee mfereji usiku mmoja, malipo ni roho yake. Likabaki jiwe moja, kukapambazuka, roho akaikosa. Mpaka leo shetani ana hasira. Mwongo akitia kidole humu, anakamatwa!"

"Hebu acha kumtisha mwenzio," shangazi alisema akicheka, akainua simu. "Casi, tia kidole nikupige picha."

Casilda aliurudisha mkono mfukoni. Pembeni, mzee mmoja alikuwa akichoma njugu za miti ya msituni juu ya makaa, na moshi wake ukampitia puani. Sufu ikiungua hunuka vipi?

Wakapanda ngazi hadi juu, mfereji unapokutana na ukuta wa mji. Kutoka hapo mapaa yote huonekana, na kila bomba la moshi lilikuwa linafuka. La shangazi lilikuwa lipi? Lile lenye moshi mweusi?

"Mbona unatetemeka?" shangazi aliuliza.

"Anamwogopa shetani huyo!" Gonzalo akadakia.

"Shangazi..." Casilda alimshika mkono. "Sikuzima jiko. Nimeanika soksi juu yake."

Uso wa shangazi ulibadilika. Akapiga simu kwa jirani. Ikaita, ikaita, haikupokewa.

"Kimbieni!"

Walishuka ngazi zenye barafu wakishikana mikono. Casilda aliwaza kitanda tu, na babu asiyeweza kuinuka. Walipofungua mlango, moshi uliwapiga usoni. Kitambaa cha meza kilikuwa kinawaka upande mmoja. Gonzalo akarukia ndoo.

"Maji bado! Umeme kwanza!" shangazi alifoka, akazima swichi kubwa ya ukutani. "Sasa leta! Casi, dirisha la babu!"

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, moshi ulikuwa umepenya kidogo tu. Casilda akafungua dirisha. Babu hakusogea.

"Babu! Babu!" Akamtikisa bega.

Jicho moja likafunguka. Babu akakohoa. "Nani anachoma jibini bovu?"

"Ni soksi zangu, babu," Casilda alisema, machozi yakimtiririka.

"Ungezifua kwanza, mwanangu."

Jioni walikula supu wamevaa makoti, meza ikiwa bila kitambaa, miguu ikiganda. Babu naye aliletwa mezani. Casilda hakuthubutu kuinua macho.

"Kitambaa nitashona kingine," shangazi alisema. "Lakini uliposema 'nimezima', niliondoka moyo wangu umetulia, huku baba yangu nikimwacha hatarini. Neno lako ndilo nililolitegemea. Baadaye ulisema kweli, ingawa uliogopa, na ndiyo maana babu yako anakunywa supu hapa. Siku nyingine ukiona unaogopa kusema, ujue hapo ndipo pa kusema upesi."

Kesho yake walitoka tena kumalizia matembezi.

"Casi, umezima taa ya jikoni?"

Casilda alifungua mdomo, akaufunga.

"Ngoja nikaangalie, shangazi," alisema, akarudi ndani.