Ubao wa Kulaza Nyasi

Jumamosi, kabla jua halijagusa mlima, mkwe wangu Rodel huwa ameshanoa panga. Siku za kazi yuko bondeni, anakata miwa ya watu. Ijumaa jioni anapanda kurudi kwetu. Siku mbili tu ndizo zake, na moja ni ya Mungu.

Mwanangu Jovelyn naye si wa kubaki nyuma. Utamkuta mtoto yuko mgongoni, maji yamechotwa, kuku wamekula, kahawa ya mahindi inachemka. Nikiwatazama hawa wawili nasema moyoni: nyumba hii hailali njaa.

Lakini Jumamosi moja tulikuwa na mashaka. Shamba letu jipya lilijaa kogoni, zile nyasi zenye makali tunazoezekea mapaa. Zilimfika Rodel kifuani. Mvua ilikuwa karibu, na miche ya migomba ilikuwa tayari. Tena kesho yake padri alikuwa anakuja. Kwetu padri hupanda mara moja kwa mwezi, na mtoto wetu Lumen alikuwa abatizwe.

"Mama Lumen, nipe kiberiti," Rodel akasema. "Nikifyeka, mvua itanikuta hapa hapa nimeinama. Leo nachoma, kesho tunabatiza, Jumatatu nateremka kazini."

"Na upepo?"

"Upepo umelala."

"Umelala, haujafa," Jovelyn akajibu.

Kigango chetu, kanisa letu dogo la kijiji, kiko juu kidogo ya shamba lile, na paa lake ni kogoni kavu. Rodel alilijua hilo. Lakini huku milimani ndivyo tulivyozoea: nyasi zikikushinda, unauita moto.

Alikuwa ameshika kiberiti mkononi alipotokea jirani yetu Anselmo. Huyu ndiye katekista wetu, na zamani alifanya kazi kwenye kitalu cha miti. Begani alibeba ubao wenye kamba, kamba moja kila upande.

"Kijana," akasema, "mtoto unambatiza kwa maji au kwa moto?"

Jovelyn akacheka. Rodel hakucheka.

"Mzee, nina siku moja tu."

"Basi nipe dakika moja ya siku hiyo." Anselmo akachimba kwa panga, akatoa mizizi mirefu myeupe. "Moto unapita juu. Hii iko chini, inakucheka. Yule jirani wa ng'ambo alichoma. Kwake kumeota nini?"

"Kogoni," Rodel akakubali.

"Nene kuliko za kwanza! Na majivu aliyoyategemea, mvua iliyapeleka mtoni. Usizichome. Usizikate pia, maana zitachipua. Zilaze."

"Nizilaze? Niziimbie na wimbo wa mtoto?"

"Ukiwa na sauti nzuri, imba."

Anselmo akazipanua nyasi kwa mikono. Ndani yake mlikuwa na miti midogo iliyojiotea yenyewe, mifupi kuliko goti. "Watoto hawa nao ungewachoma," akasema. Tukachomeka kijiti pembeni ya kila mti ili usikanyagwe.

Kisha akaenda juu ya mteremko, akashika kamba, akauweka ubao juu ya nyasi na kuukanyaga kwa uzito wake wote. Nyasi zikapinda shinani, zikalala. Akainua ubao, akasogea hatua moja, akakanyaga tena.

"Zote zielekee upande mmoja, kuteremka. Zikilaliana, zinanyimana jua. Mizizi inachoka. Na udongo unabaki umefunikwa, mvua haiubebi."

Rodel akajaribu. Jovelyn akamtazama kidogo, akanipa mtoto. "Mama, shika mjukuu wako. Huyu anakanyaga kama anaogopa kuamsha mtu."

Walipokezana mpaka jioni. Lilibaki nusu ya shamba. Rodel akaketi chini, jasho linamtiririka.

"Ningechoma, ningekuwa nimemaliza."

"Ungemaliza na kanisa," mkewe akasema.

Rodel akainuka. Akanipa kile kiberiti. "Mama, kapikie supu ya kesho."

Jumapili Lumen alivaa gauni jeupe. Padri alipoanza ibada, upepo ukaingia ghafla na kuzima mishumaa yote ya altare. Kitambaa kikapeperuka, paa likalia. Rodel akalitazama paa lile, kisha akamtazama mkewe. Jovelyn alikuwa akimtazama tayari.

Baada ya ubatizo wageni walikuja kwetu kula wali na supu ya kuku. Baba wa ubatizo akauona ubao. "Hii ni bembea ya nani?"

Jovelyn akamwonyesha shambani unavyokanyagwa. Naye akataka zamu. Vijana wakataka zamu. Wengine wakaenda kuleta mbao zao. Bibi mmoja akanung'unika, "Siku ya Bwana hatufanyi kazi, jamani!"

"Kazi gani?" padri akauliza, anakunja kanzu yake. "Mimi naona watu wanacheza ngoma."

Gitaa likapigwa. Watu wakakanyaga wakiimba, bibi yule naye akiwamo, tena ndiye aliyekanyaga kwa nguvu kuliko wote. Jua lilipotua, shamba lote lilikuwa limelala.

Jumatatu Rodel aliteremka kazini moyo mweupe. Mimi na Jovelyn tulichimba mashimo katikati ya nyasi zilizolala, tukang'oa mizizi pembeni, tukapanda migomba, mihogo na maharage yanayotambaa. Nyasi zilijaribu kuinua vichwa. Kila zilipoinuka, Rodel alizilaza tena mwisho wa juma. Haikuwa kazi ya siku moja, nisikudanganye. Lakini migomba ikashika, maharage yakafunika, na ile miti midogo sasa inatupa kivuli cha kupumzikia. Kogoni zimebaki chache za kuzibia paa tu.

Juzi bwana harusi mmoja, jirani mpya, alikuja mlangoni mapema.

"Shikamoo, Dada. Naomba moto, nichome shamba langu."

 Jovelyn aliingia ndani, akatoka na ubao.