Saini ya Marehemu Fredy

Kilichochinjwa siku hiyo hakikuwa mtu. Kilikuwa kitabu cha wageni.

Kililala wazi juu ya meza, katika shule moja ya msingi njia ya Mvumi, ukurasa mmoja umekatwa kwa wembe toka shingoni. Inspekta Edina Chilongani alivaa glavu, akainama, akakinusa. Ndiyo, alikinusa. Pua haidai posho.

"Hela za michango ya uji zilikuwa wapi?"

"Droo hiyo hapo," alijibu Mwalimu Penina, mkuu wa shule. "Haina hata kufuli. Hazikuguswa."

"Kompyuta?"

"Ipo."

"Kwa hiyo mwizi kaacha hela, kaacha kompyuta, kabeba karatasi."

"Karatasi ya Fredy, afande."

Edina akainua kichwa. Fredy Mazengo, mpiga zeze, alikufa kwa ajali mwezi Machi. Miaka ishirini na saba tu. Alipokuwa hai, fulana zenye saini yake watu walifutia jasho, wengine walidekia. Alipofukiwa tu, fulana zile zile zikakunjwa kwa adabu na kuuzwa bei ya mbuzi wawili. Marehemu hasaini tena. Ndiyo utamu wake.

"Alikuja Juni mwaka jana kuwasalimia watoto," alisema Penina. "Akasaini kama mgeni yeyote."

Hili lilikuwa faili la tatu. Kwanza ofisi ya mtaa mmoja huko Mkonze, kisha zahanati moja upande wa Mpwapwa, sasa hapa. Kote Fredy alipita. Kote umekatwa ukurasa wake tu.

"Mtuhumiwa wenu yuko wapi?"

"Mgambo wamempeleka kituoni kwako. Mzee Luka, mlinzi. Kesho kamati inakaa kumfukuza." Penina alishusha sauti. "Miaka thelathini getini, afande. Sijawahi kupoteza hata chaki."

Kituoni, Mzee Luka alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, kofia mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga au kunisikiliza?"

"Kukusikiliza. Nani aliingia ofisini jana?"

"Mgeni mmoja, kijana mnene wa kofia nyekundu. Nikamwambia, hapa huingii mpaka usaini. Hata mkuu wa wilaya anasaini. Akasaini, nikaenda kumwita mwalimu darasani. Kurudi, hayupo."

Konstebo Anthony alicheka pembeni. "Afande, mwizi atasaini? Jina kaandika Ernest, namba ya simu haipo duniani. Mgambo wanasema mzee kamtunga huyo mgeni, kamwandika mwenyewe."

"Kwani mwizi si mgeni?" alifoka Mzee Luka. "Akishapita getini kwangu ni mgeni. Atasaini!"

Edina hakucheka. Alifungua kitabu alichokuja nacho kutoka shuleni, mstari wa mwisho. *Ernest. Mpwapwa. Kusalimia.* Na saini: herufi kubwa yenye mkia uliojikunja kama wa kinyonga, kisha nukta tatu.

Mkia ule alikuwa ameuona. Wapi? Ulimwasha kichwani kama jina la mtu unayemdai.

Mchana alienda nyumbani kula. Kwenye kamba ya nguo ilining'inia fulana ya bintiye Hana, aliyoinunua kwa akiba yake yote. Kifuani: F ya kinyonga, nukta tatu.

"Hana! Hii ulimwona Fredy akiisaini?"

"Mama nawe! Niliichukua dukani kwa meneja wake, Gaudence. Kwani vipi?"

"Kula ugali."

Alirudi kituoni mbio, fulana mkononi. Mwizi aliiga saini ya Fredy? Mtu anayejificha haigi saini ya mtu maarufu. Labda ndiyo saini yake mwenyewe, mkono umejiendea. Sasa Fredy mwenyewe alisaini vipi?

Ukurasa haukuwepo. Lakini uliokuwa chini yake ulikuwepo.

"Anthony, zima taa. Funga pazia."

Alilaza tochi ya simu ubavuni mwa karatasi. Mikwaruzo ikaamka kwenye kivuli. Fredy alikuwa mtu wa kukandamiza kalamu, kama anayelima: *Fredy Mazengo*, herufi moja moja, wima, kama mtoto wa darasa la pili. Hakuna mkia. Hakuna nukta.

"Mungu wangu," alisema Anthony. "Basi fulana zote..."

"Piga picha kwanza. Wapelekee na wataalamu wa maandishi. Halafu mwite Gaudence. Mwambie tunataka historia ya marehemu."

Gaudence alifika saa kumi, mnene, anatabasamu, kofia nyekundu kichwani. Mezani pa mapokezi Edina alimsukumia daftari jipya.

"Karibu. Saini hapo, utaratibu tu."

Akasaini bila kutazama. G ikatoa mkia, mkia ukajikunja, nukta moja, mbili, tatu.

"Asante," alisema Edina. Akaweka kando ya daftari kitabu cha shule, kisha fulana ya Hana. "Sasa nieleze. Hawa ndugu watatu mama yao ni nani?"

Tabasamu likamtoka usoni taratibu. Aliketi bila kukaribishwa.

"Mzee wa getini asingenilazimisha..."

"Lakini alikulazimisha. Endelea."

"Fredy hakupenda kusaini, afande. Alionea aibu mwandiko wake. Akaniambia, Gau, nisaidie. Miaka mitatu nimesaini mimi. Hakuna aliyejali. Alipokufa, ndiyo watu wakaanza kuzitafuta kama dhahabu. Nina maboksi mawili ya mabango na fulana. Akatokea mnunuzi wa Dar, akasema atachukua zote, ila kwanza alinganishe na saini ya kwenye vitabu vya wageni."

"Ukaamua isiwepo."

"Ndiyo."

"Na mzee wa watu alale ndani kwa ajili yako?"

Aliinamisha kichwa. "Kwa huyo sina la kusema. Lakini, afande, watu walilia wakibusu zile fulana. Walikuwa wanabusu mkono wangu. Nilitaka ubaki kuwa wa kweli."

"Kurasa ziko wapi?"

"Ndani ya mfuko wa zeze lake. Kuchoma nilishindwa. Ni Fredy, yule."

Asubuhi, kabla kamati haijaketi, Edina alirudi shuleni na ukurasa ndani ya bahasha. Angeuonyesha tu, kielelezo kilibaki cha polisi mpaka kesi iishe. Mzee Luka, aliyeachiwa jana yake jioni, alikuwa tayari getini, kofia kichwani.

"Mzee, nimekuja kukusafisha mbele ya kamati."

"Mungu akubariki, mwanangu." Hakusogea hata hatua. Alimnyooshea kitabu kipya na kalamu iliyofungwa kamba. "Lakini saini kwanza."