Aliyekataa Kushuka Garini

Tairi halikupasuka. Lilishusha pumzi tu, fyuuu, kama mtu aliyefika alikokuwa akienda, na gari likalalia upande wa nyuma.

Fundi cherehani aliliongoza pembeni hadi kwenye ardhi ngumu, akavuta breki ya mkono na kuwasha taa za hatari. Jua lilikuwa la utosi, barabara tupu, nyasi kavu kila upande.

"Nilisema tupande basi," mama mkwe wake aliguna.

"Shuka, mama, ukae mbali na barabara. Gari haliinuliwi na mtu ndani."

Mama mkwe alishuka akinung'unika. Huyo hata usingizini hakukosa la kusema. Fundi akaweka kibao cha tahadhari nyuma ya gari, akakinga magurudumu mazima kwa mawe, akalegeza nati, ndipo akatega jeki.

Akazungusha. Jeki ikapanda, gari halikupanda. Akazungusha tena, na jeki ikaanza kuzama kwenye ardhi ile kavu kana kwamba chini pana uji.

Kisha akasikia harufu ya udongo mbichi, na mle garini kiti cha nyuma kikalia kwii, kama kinavyolia mtu anapojiweka vizuri.

"Mama," alinong'ona, "umeshuka?"

"Si niko huku!"

Sauti ilitoka nyasini, mbali, nyuma yake kabisa, na kabla hajaelewa alichokisikia gari likaanza kumwinamia taratibu, bodi ikishuka karibu na goti lake, dirisha la nyuma likiingia ukungu kwa ndani katika joto lile la kuchoma ngozi, na katikati ya ukungu pakatokea kiganja kipana ambacho hakikuwa na mstari hata mmoja.

"Usiliangalie dude hilo," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini. "Toa mkono chini ya gari. Njoo kwangu kinyumenyume."

Fundi alirudi nyuma. Mama mkwe akampita, akafungua mlango wa nyuma, akainama, akaongea kwa upole kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Kitu kikamjibu. Fundi hakuyapata maneno, ila sauti aliijua: ilikuwa yake mwenyewe.

Mara gari likainuka. Nyasi zikagawanyika, bila upepo, zikaacha njia nyembamba kuelekea mbali.

Alibadilisha tairi, akashusha jeki, akakaza nati hadi mkono ukamuuma. Walikuwa wameshakwenda mwendo mrefu alipothubutu kuuliza.

"Lilitaka nini, mama?"

"Mwenza. Lilikuwa limekuchagua wewe."

"Ukaliambia nini?"

Mama mkwe alitazama nje. "Kwamba wewe bado una watoto wa kulea. Lisubiri, nitarudi mimi. Endesha, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo.

Haukupita muda mrefu. Mchana mmoja fundi aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akamwona mama mkwe ameketi ndani ya gari uani, kavaa nguo zake za kutokea, uso umetulia.

"Nipeleke," alisema. "Naitwa."

Fundi akautupa ufunguo juu ya paa la nyumba. Akaingia garini, akafunga mlango, akaushika ule mkono wa kizee uliokuwa baridi kama jiwe la mtoni, akaung'ang'ania hadi jua likapoa na mwito ukakoma.

Kesho yake mchana akaacha kushona mapema, akaenda kumshika tena kabla hajaitwa.