Jicho la Kushoto la Bibi Koleta

Rafiki yangu Modest ni tabibu wa zahanati moja upande wa Usoke, mtu wa masihara, humchekesha mgonjwa mpaka sindano ikaingia bila habari. Mchana mmoja aliletewa bibi Koleta, mboni yake ya kushoto ikiwa ndogo kuliko ya kulia.

"Shikamoo, bibi. Hili jicho moja limegoma kuamka?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Cheka tu, ila usinipeleke mjini. Baba Adelina akirudi atamkuta nani nyumbani?"

Modest akaacha utani. Baba Adelina, mume wa bibi, aliingia porini miaka mingi iliyopita kurina asali, kienge cha moto mkononi, na mpaka leo hajaonekana.

Modest akafunga madirisha. Gizani mboni yenye afya hupanuka. Inayokataa ndiyo yenye shida, na huenda shida iko kichwani. Ufa wa mlango ulimpa mwanga kidogo wa kuonea. Ya kulia ikapanuka. Ya kushoto nayo ikapanuka, taratibu, na Modest akashusha pumzi.

Kisha ikaanza kunywea, kama ya mtu anayesogezewa moto.

Nyuma ya Modest, palipo na ukuta mtupu, majani makavu yakalia chakacha, chakacha, kama yanakanyagwa.

"Umechelewa, Baba Adelina," bibi akasema kwa upole, machozi yakimtiririka. "Umechelewa mno."

Modest hakugeuka. Aliitazama tu ile mboni ikinywea mpaka ikawa kama tundu la sindano, na ndani yake mwali mdogo wa moto ukipepea.