Papa Alipopiga Simu

Jumamosi moja mchana, pale Majengo, Flavian alifungua milango yote ya gari la mteja akajaribu spika alizotoka kuzifunga. Rhumba ikamwagika barabarani. Wauza nyanya wakageuka, bodaboda wakapiga honi, na msichana mmoja akautua chini mfuko wake wa unga, akaanza kucheza katikati ya njia. Alivaa kitenge cha njano kilichomkaa vizuri kiunoni, na juu yake sweta zito la kijivu, maana baridi ya Sumbawanga ilikuwa imemshinda.

"Dada, utagongwa!"

"Basi punguza ile muziki! Mtu ya Kongo akisikia vile, miguu haiombi ruhusa."

Flavian akacheka. Badala ya kupunguza, akaongeza.

Msichana aliitwa Solange Kaumba, mwenyeji wa Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha uuguzi pale mjini, na muda wote huo alizijua njia mbili tu, ya darasani na ya wodini. Flavian, fundi wa redio za magari, mzaliwa wa Mpui, akamwonyesha nyingine. Walisimama kwenye ukingo wa bonde, barabara ya Muze, wakalitazama Ziwa Rukwa likimeta mbali huko chini. Jumamosi jioni walicheza ukumbini Majengo hadi jasho likawalowesha, kisha akamrudisha hosteli kabla geti halijafungwa.

"Fundi wangu, unacheza kama unakanyaga tope," Solange alimtania.

"Nifundishe basi, mama Moba."

Siku walipokwenda maporomoko ya Kalambo, simu ya Solange iliita. Kwenye kioo Flavian alisoma: Papa. Solange akajitenga, akaongea Kitabwa cha kwao kwa sauti ya chini, akicheka na kudeka.

"Papa ni nani?" Flavian aliuliza aliporudi. "Kwetu Wafipa, Papa ni yule wa Roma."

Solange akaangua kicheko. "Huyu wangu si wa Roma. Papa njo mwanaume wa kwanza kunipenda duniani."

Alidhani Flavian ameelewa. Flavian hakuelewa, na kuanzia siku hiyo hakulala vizuri. Kwake yeye, Papa alikuwa mwanaume mwenye kitambi na gari, anayewapa wasichana ofa ya meza nzima.

Jumamosi iliyofuata, ukumbini, Solange alimwachia mkoba akaingia kucheza. Simu ikaita. Papa. Flavian akaitazama mpaka ikakatika. Ikaita tena. Akaipokea, muziki ukinguruma nyuma yake.

"Sikiliza wewe Papa. Huyu mtoto ana mwenyewe. Tafuta wazee wenzako, usipige tena hapa!"

Akakata. Kisha akazifuta zile simu zote mbili, akairudisha mkobani.

Kesho yake, baada ya misa, Solange alimfuata akiwa na macho mekundu.

"Jana nani alipokea simu ya Papa?"

"Papa hakupiga."

"Anasema mwanaume alimtukana. Flavian, niambie kweli."

"Haki ya Mungu sijaigusa simu yako."

"Unaapa?"

"Naapa."

Solange akamwamini. Mbele yake, akapiga simu Moba akaapa kama Flavian alivyoapa. Flavian alisikia sauti ya mwanaume ikifoka, kisha ikakatwa. Solange akabaki ameshika simu, analia.

"Kama anakupenda hivyo, aje akuchukue," Flavian alisema kwa uchungu.

Solange alimtazama kama mtu asiyemjua. Akaondoka. Jioni simu yake ilikuwa imezimwa, na kesho yake vilevile. Flavian alifunga nyaya kinyumenyume, akaunguza redio ya mtu, akashindwa hata kula. Jumatano akaenda kusimama nje ya hosteli hadi akatoka Kalista, aliyelala chumba kimoja na Solange.

"Umechelewa, kaka. Ameondoka asubuhi kwenda Kasanga, apande boti ya kwao. Baba yake amegoma kumsomesha. Anasema kuna mwanaume alimtukana kwenye simu, halafu mtoto wake wa kumzaa akamficha huyo mwanaume kwa kiapo. Na mitihani ya mwisho ndiyo hii inakuja!"

"Baba yake?"

"Baba yake, ndiyo. Papa. Wakongo si ndivyo wanavyomwita baba?"

Flavian hakurudi hata kufunga kibanda chake cha ufundi. Alipanda gari la kwanza la Kasanga, na njia nzima alipiga ile namba iliyozimwa.

Alimkuta Solange ufukweni ameketi juu ya begi lake, kitenge kimekunjamana, pasipoti mkononi. Boti ya Moba ilikuwa inapakia.

"Solange, mpenzi wangu..."

"Usiniite vile."

"Sikujua ni baba yako. Nilidhani ni mwanaume wako mwingine."

"Kumbe muda wote uliniona malaya?"

"Nilikuwa na wivu."

"Wivu ningekusamehe. Lakini uliapa, Flavian! Nikachukua kiapo yako nikaipelekea Papa. Leo ananiita mwongo. Papa, ambaye sikumdanganya hata siku moja!"

Flavian akapiga magoti kwenye mchanga, watu wakitazama. "Nipigie baba yako. Atukane, akate, lakini nimwambie."

Nahodha alikuwa ameanza kuita abiria. Solange akasita, akawasha simu, akapiga, akampa.

"Shikamoo mzee. Naitwa Flavian. Mimi ndiye niliyekutukana. Binti yako hakujua. Nilifuta simu yako, nikamwapia uongo, naye akakuambia alichoamini. Mwongo ni mimi."

Sauti ya upande wa pili ikauliza, "Wewe uko nani kwake?"

"Nilitaka kumuoa."

"Mtoto ya watu unamuoa kwa kufukuza baba yake kwenye simu?"

"Hapana, mzee."

"Mupe simu."

Baba na binti waliongea Kitabwa. Solange alikuwa anaitikia tu, akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Boti ikawasha injini, ikaondoka bila yeye.

"Amesema nirudi chuo nifanye mtihani," alisema hatimaye. Flavian akainuka, mikono wazi. Solange akarudi nyuma. "Amesema pia nisikuone tena. Nimekubali."

"Umekubali?"

"Nimelia tangu Jumapili kwa simu ya Kalista, nikimwomba aniamini. Ningebishana naye vipi?"

Gari la kurudi mjini lilikuwa moja tu. Solange akaketi mbele karibu na dereva, Flavian nyuma kabisa, kwenye magunia ya dagaa. Wakapita Matai, wakapanda uwandani kwenye baridi. Getini pa chuo Flavian akashuka kumtolea begi.

"Na ukimaliza masomo?" akanong'ona.

"Nikimaliza narudi kwetu." Solange akalipokea begi bila kumgusa mkono. Alipiga hatua kadhaa, akasimama, hakugeuka. "Boti za Moba zipo. Mwenye maneno na Papa, avuke ayaseme mbele yake."

Geti likafungwa. Dereva akapiga honi.

"Bosi, unapanda au unabaki?"

Flavian alikuwa bado analitazama geti. Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Kasanga unarudi lini?" akamuuliza.