Filamu ya Siku ya Shangazi

Kila asubuhi ya likizo, Edina alianza na ufagio akamalizia na chungu. Alifagia uwanja wa nyumba ya bibi yake pale Iyula, akachota maji, kisha akaketi jikoni kukaanga kahawa kidogo ya kunywa nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa amemaliza darasa la sita. Mdogo wake, Barnaba, mwenye miaka minane, alipewa kazi ya kupepeta maganda. Mara nyingi alipepeta maneno zaidi.

Watoto hao waliishi na bibi yao, Bibi Ruti, kwa sababu wazazi wao walikuwa na biashara sokoni Vwawa. Bibi Ruti alikuwa mjane na mzee wa kanisa. Hakuwa mkali, ila macho yake yalifika mahali ambapo mtu hakudhani yangefika.

Katika nyumba ile, siku ya pili ya Krismasi iliitwa siku ya Shangazi. Shangazi Miriamu aliolewa mbali, Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, mpunga na ng'ombe. Alikuja kwao mara moja tu kwa mwaka. Alifika Krismasi jioni na kuondoka alfajiri ya tarehe ishirini na saba. Mchana wa katikati hapo, baada ya chakula, Baba Mdogo Boazi aliwasha jenereta aliyokuja nayo kutoka Tunduma, akaunganisha televisheni na deki, na ukoo wote ukatazama filamu moja.

Mwaka uliopita Boazi alileta filamu ya watu wanaokimbizana kwa magari tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee walisinzia, na Shangazi alilala kinywa wazi. Kulipokucha akapanda gari akaenda zake. Bibi alibaki barabarani akipunga mkono.

"Saa mbili za mwanangu zimeliwa na magari," alisema.

Kwa hiyo Desemba hii, Boazi aliposema atachagua tena, Bibi alikataa.

"Wewe unachagua filamu kwa picha ya juu ya karatasi, kama mtu anayenunua ng'ombe kwa kutazama pembe. Edina atakwenda nawe Tunduma siku tatu. Atazitazama mwanzo hadi mwisho, halafu aje aniambie ipi inastahili kuchukua saa mbili zetu."

"Kwa nini Edina? Mimi je?" Barnaba akalalamika.

"Wewe utaleta ya ngumi."

"Ngumi si dhambi, Bibi, kama anayepigwa ni mwizi!"

Edina alifurahi hata akasahau kumcheka. Alikuwa amepewa kazi ya mtu mzima.

Tunduma ilikuwa imechangamka. Malori yalipanga foleni kuelekea mpakani, na wabadilisha fedha waliita wateja kwa Kiswahili na Kibemba. Jirani ya nyumba ya Baba Mdogo palikuwa na duka la filamu la Mzee Bashiri. Binti yake, Zakia, alikuwa rika la Edina.

"Karibu, mwanangu," alisema Mzee Bashiri. "Hizi filamu za sikukuu ni nyepesi, nakuambia mapema. Usitafute hekima ya Suleimani humu ndani. Lakini watu wanazipenda. Kaa hapo utazame."

Siku ya kwanza Edina alitazama filamu ya ndugu wanaogombea urithi. Walilia kuanzia Krismasi mpaka Mwaka Mpya. Aliifikisha mwisho, akaikataa. Siku ya pili alitazama ya Ulaya, yenye theluji na mzee wa kofia nyekundu, ambayo mtafsiri wake alizungumza kuliko waigizaji wote. Hiyo pia aliifikisha mwisho, akaikataa.

Siku ya tatu ikawekwa *Pilau Limeungua*. Kijana mmoja alikuwa amewadanganya wakwe zake watarajiwa kwamba yeye ni mpishi mkuu wa hoteli. Wakwe wakamwambia, vizuri sana, basi utatupikia pilau la Krismasi, tunakuja watu mia. Edina alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kabla filamu haijafika nusu, Zakia akaingia mbio.

"Edina! Kuna dereva Mzambia amekuja na kasuku anayesalimia watu! Twende haraka, lori linaondoka!"

"Nimalize kwanza hii."

"Filamu haina miguu, bwana. Lori lina magurudumu kumi na nane!"

Wakaenda. Kasuku alikuwepo kweli, kwenye dirisha la lori, akiinamisha kichwa na kumsalimia kila mpita njia kwa Kibemba, "Mulishani! Mulishani!" Watu walimjibu kwa heshima kama wanamsalimia mkwe. Edina aliporudi dukani, Baba Mdogo alikuwa tayari ndani ya gari, anapiga honi. Edina akainunua ile diski, wakaondoka.

Bibi Ruti aliwapokea uwanjani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umezitazama?"

"Ndiyo, Bibi. Hii ndiyo nzuri."

"Umeitazama hadi mwisho?"

Hapo Edina angeweza kusema neno moja tu la kweli, na mambo yangeishia pale. Lakini aliona aibu kusema kwamba kazi ya mtu mzima ameiacha kwa ajili ya kasuku.

"Hadi mwisho, Bibi."

"Hakuna watu wanaovua nguo? Hakuna matusi?"

"Hakuna. Ina mafundisho mengi."

Neno la pili lilitoka lenyewe, likilisindikiza la kwanza. Bibi akafurahi.

"Basi kama ina mafundisho, nitamwalika na Mama Mchungaji."

Na Jumapili, baada ya ibada, akawatangazia wamama wote. "Karibuni nyumbani siku ya pili ya Krismasi. Mjukuu wangu ameipima filamu yeye mwenyewe."

Tangu siku hiyo Edina alijiuliza kila alipofagia uwanja. Ile sehemu ambayo hakuiona ilikuwa na nini? Itakuwaje kama yule kijana anakwenda baa? Itakuwaje kama kuna mambo ya aibu, na Mama Mchungaji amekaa kiti cha mbele?

Krismasi ikafika. Shangazi Miriamu alishuka kwenye gari na kilo kumi za mchele wa Kamsamba, pamoja na binti yake, Goodness, mwenye miaka kumi. Waliimba kanisani, wakala, wakacheka. Edina pekee ndiye aliyekula kuku kama anayekula dawa.

Asubuhi ya siku ya pili, wasichana wawili walikuwa jikoni na Bibi. Edina alikaanga kahawa, na Goodness, aliyezoea mpunga, alichungulia ndani ya chungu.

"Bibi, mbona kahawa hizi ni ndogondogo? Zile kubwa nilizoona ghalani je?"

"Hizi ndizo zilizoelea," Bibi alijibu. "Wakati wa kuvuna tunamwaga matunda yake kwenye maji. Yaliyokomaa vizuri yanazama. Mepesi yanaelea, tunayaengua pembeni."

"Sasa si mngetupa tu?"

"Kwa nini tutupe? Hizi zinakaangwa, zinanywewa nyumbani, na wageni wanaongea vizuri tu. Kuelea si kosa. Kosa ni kuzichanganya na zilizozama halafu kumwambia mnunuzi kwamba zote zimezama. Babu yenu aliwahi kurudi na punda kutoka kwa mnunuzi, akamwaga gunia zima, akachambua upya, kwa sababu tu ya ndoo moja ya zilizoelea. Nikamwambia, mume wangu, nani angejua? Akasema, mimi ninajua."

Mwiko ukasimama mkononi mwa Edina. Kahawa ikaanza kutoa moshi.

"Edina, unaunguza!"

"Bibi," Edina alisema, na machozi yakaanza kumtoka, "ile filamu sikuitazama yote. Niliona nusu, hata nusu haikufika. Nilikwenda kumwona kasuku."

"Kumwona nani?"

"Kasuku, Bibi. Anasema Mulishani."

Goodness aliziba mdomo kwa mikono miwili. Bibi aliushika mwiko, akauondoa mkononi mwa Edina, akageuza kahawa taratibu.

"Kumbe nimemwalika Mama Mchungaji kwa neno la kasuku," alisema mwishowe.

"Nisamehe, Bibi. Mwambie Baba Mdogo asiwashe jenereta. Tuseme imeharibika."

"Ehee! Uongo wa kwanza umechoka, sasa unautafutia msaidizi?" Bibi akamfuta machozi kwa pindo la kitenge chake. "Mimi nimekusamehe. Lakini neno lako nililipeleka kwa watu, na kwa watu utalirudisha wewe mwenyewe, kwa kinywa chako."

Saa nane mchana sebule ilijaa. Mama Mchungaji alikaa mbele, Shangazi Miriamu kando yake, na watoto wakaketi mkekani. Nje jenereta ilikuwa inanguruma tangu wageni wa kwanza walipofika. Edina alisimama mbele ya televisheni.

"Shikamooni. Bibi aliwaambia kwamba nimeipima filamu hii. Sikuipima. Niliona mwanzo tu, ulinichekesha, nikaondoka kwenda kutazama kasuku. Nikamdanganya Bibi. Huko mbele sijui kuna nini. Anayetaka kuondoka, nitamsindikiza mpaka barabarani."

Mama Mchungaji akageuza kiti chake.

"Mimi siondoki. Mtoto aliyesema haya mbele ya watu, nitakaa naye. Ila wewe, binti, njoo ukae hapa karibu na deki. Ukiona jambo lisilofaa, zima haraka, usisubiri kuuliza."

"Na huyo kasuku ni wa rangi gani?" Shangazi akauliza. Sebule nzima ikacheka.

Filamu ikaanza. Edina alikaa kidole kikiwa juu ya kitufe, akitazama kila mtu aliyeingia kwenye picha kama askari wa mpakani anayekagua mizigo. Hakukuwa na baa. Hakukuwa na aibu. Kijana alikwenda kuazima sufuria kwa jirani, mbuzi akala karafuu, mama mkwe akamfukuza mbuzi na kiatu kimoja. Shangazi Miriamu alicheka mpaka akamwegemea mama yake. Bibi Ruti alijizuia, akajizuia, lakini mbuzi alipopanda juu ya meza ya wageni akashindwa, na kilemba chake kikaanguka chini.

Hatimaye wakwe wakapanga mstari, kijana akashika mfuniko wa sufuria kubwa, akaanza kuufunua...

Nje jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Televisheni ikawa nyeusi.

"Petroli!" Boazi alitoka mbio. "Niliweka ya kutosha kabisa!" Kisha sauti yake ikasikika kutoka uani. "Barnaba! Hizi simu za nani?"

Simu kumi na nne zilikuwa zimelala uani, kila moja na waya wake, zinachaji. Majirani walikuwa wamemletea Barnaba tangu saa sita, naye akawasha jenereta mapema bila kumwambia mtu, kila mkubwa akidhani mwenzake ndiye aliyeiwasha.

"Nilitaka kusaidia watu siku ya sikukuu," alisema, akijificha nyuma ya Shangazi. Kisha uso wake ukang'aa. "Lakini sasa sote tuko kama dada Edina! Hakuna aliyeona mwisho!"

Hata Boazi alicheka. Petroli haikupatikana karibu, kwa hiyo Shangazi Miriamu akasimama, akachukua ungo akaufanya mfuniko, akaigiza mwisho wake. Kijana alifunua sufuria, moshi ukatoka, mama mkwe akaonja ukoko na kusema, "Mwanangu, hoteli yako imefungwa!" Goodness akaigiza mwisho wa pili. Mama Mchungaji naye, ambaye hakuna aliyemtarajia, akaigiza mbuzi.

Walipotulia, Edina aligawa kahawa. Bibi alimwita katikati.

"Sasa tupe hukumu ya kweli. Ilistahili saa mbili za Shangazi yako?"

Edina alifikiri kwanza.

"Ni nyepesi, Bibi. Kila mtu alijua pilau litaungua. Yule kijana anapiga kelele mno, na wimbo mmoja umerudiwa mara sita. Mafundisho ni kidogo, sio mengi kama nilivyosema. Lakini Shangazi hakulala. Na wewe ulicheka."

"Mimi sikucheka."

"Kilemba kilianguka!" Barnaba akapaza sauti.

"Haya, nilicheka." Bibi aliinua kikombe chake. "Sikilizeni, wajukuu zangu, nanyi wakubwa pia. Kahawa hii ilielea, na bado tunainywa kwa furaha, kwa sababu tunajua ni ya namna gani. Filamu nyepesi siyo dhambi, kama inawakalisha watu pamoja na kuwachekesha bila kuwachafua. Lakini muda wa ndugu ni zawadi ya Mungu. Ukipewa kazi ya kuwapimia watu muda wao, pima kweli, na useme ulichokiona, wala usiongeze. Ukishindwa, sema umeshindwa. Watu watakaa na wewe."

Alfajiri Shangazi Miriamu aliondoka, na safari hii Bibi alirudi kutoka barabarani akitabasamu peke yake.

Wiki ya kwanza ya Januari, simu ya Bibi iliita kutoka Tunduma. Alikuwa Edina, aliyekwenda na Baba Mdogo kurudisha jenereta.

"Bibi, nimeiona! Wakwe walikula ule ukoko wote, wakamsamehe. Mwisho wa Shangazi ulikuwa mtamu zaidi."

"Na kasuku je?"

"Zakia aliniita nikamwone tena. Nikamwambia anisubiri."

"Umeitazama mpaka mwisho?"

"Mpaka majina ya waliopika chai, Bibi."

"Vizuri," alisema Bibi Ruti. "Hilo neno limezama."