Kashata na Chakula cha Wageni

Bibi Siwema hakuzaliwa bibi. Jamani, nani huzaliwa bibi?

Kwanza alikuwa mtoto. Alikuwa na miaka sita, pengo moja mbele, na nywele zilizosukwa twende kilioni.

Hiyo ilikuwa zamani. Si zamani sana, ila zamani ya kutosha. Maziwa yalikuja kwa baiskeli, ngili-ngili-ngili! Redio ilikuwa kubwa kama sanduku, na ilifunikwa kitambaa isiingie vumbi.

Walikaa Tabora, kwenye nyumba za watu wa reli. Gari moshi likipita, vikombe vyote kabatini vilicheza.

Tika-tika-tika! Puuuu!

Ndani ya nyumba walikuwa wanne. Baba, fundi wa reli. Mama. Siwema. Na mdogo wake Kheri, mwenye meno mawili tu, tena ya chini.

Jumanne moja, jirani yao Bi Zamda alisimama mlangoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu!" Mama akaitikia.

Bi Zamda alibeba kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na sauti ndogo.

"Nyau."

Siwema akachungulia. Macho mawili yakamchungulia.

Alikuwa mtoto wa paka. Rangi yake kahawia, na madoa meupe hapa na pale, kama kashata ya karanga.

"Kashata!" Siwema akasema palepale. Jina likanata.

"Mchukue, ni wako," Bi Zamda akasema. "Ameshaacha kunyonya, sasa anatafuna. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Ijumaa nitakuja kumtazama. Kama hali chakula, nitamrudisha kwa mama yake. Paka mdogo akishinda na njaa, huumwa."

Siwema akahesabu kwa vidole. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa.

Lo! Kumbe Ijumaa iko karibu hivyo!

Siwema alimtaka Kashata abaki. Kwa hiyo akafikiri sana: atampa chakula gani?

Jambo moja alilijua vizuri. Alijua kumkirimu mgeni.

Nyumba ile haikukosa wageni. Walishuka kwenye gari moshi wakiwa na vumbi la safari, wakakalishwa kwenye mkeka mpya. Walinywea kikombe chenye maua, kile ambacho Siwema hakuruhusiwa hata kukigusa.

Na mgeni mwenye adabu hukataa kwanza. Husema, "Asanteni, nimeshiba."

Hapo mwenyeji hakubali! Mama alikuwa akimwongezea mgeni huku akimwambia, "Kula, usione haya. Hapa ni kwenu." Na wageni wote walikula, hata wale walioshiba.

Jioni ile, Siwema akatandika mkeka mpya sebuleni. Akamweka Kashata katikati. Akatoa kisahani cha kikombe chenye maua, polepole, Mama asisikie. Akamimina chai ya maziwa. Akatia iliki. Akatia sukari, vijiko vitatu, maana kimoja ni uchoyo.

Kisha akaimba:

*Karibu, mgeni, karibu ule!*
*Ukishashiba, karibu ulale!*

Kashata akanusa chai. Akageuza uso.

"Nyau."

Siwema akafurahi. "Ana adabu huyu! Amekataa kwanza."

Akakisogeza kisahani. "Kunywa, usione haya. Hapa ni kwenu."

Kashata akalamba kidogo. Lap. Lap. Lap.

Haukupita muda. Tumbo la Kashata likaanza kusema.

Guru... guru... guru...

Msiniulize mkeka ulikuwaje. Mama aliuosha mara mbili, na haukukauka hadi kesho yake.

Jumatano, Mama alipika nyama. Nyama ya kitunguu kingi na pilipili, kama Baba alivyoipenda. Siwema akala ugali wake kwa mchuzi mtupu. Nyama yake akaificha kiganjani.

Akampelekea Kashata.

*Karibu, mgeni, karibu ule!*
*Ukishashiba, karibu ulale!*

Kashata akasogea. Akanusa.

"Chya! Chya! Chya!"

Akapiga chafya tatu, akakimbilia chini ya kabati.

Siwema akalala kifudifudi sakafuni. Akaisukuma nyama kwa kidole. "Kula, Kashata. Usione haya."

"Nyau," kabati likajibu.

Wewe umeshajua tatizo, na mimi najua. Lakini Siwema wa siku zile hakujua. Aliona mgeni wake ana adabu kupita kiasi.

Alhamisi asubuhi alimpelekea andazi. Andazi la moto, lililofura vizuri, ambalo yeye mwenyewe alilitamani mpaka mate yakamtoka.

Safari hii Kashata hakunusa. Hakunyanyua hata kichwa.

Siwema akampapasa mgongoni. Chini ya manyoya akagusa vifupa vidogo, kimoja kimoja.

*Karibu, mgeni...* akaanza kuimba. Akaacha katikati.

Kesho ni Ijumaa. Kesho Bi Zamda anakuja na kikapu chake.

Siwema akaenda jikoni, akasimama mlangoni, akalia. Hakulia kwa madaha. Alilia kweli, mpaka kamasi.

"Una nini, mama?" Mama akamuuliza. Akina mama zamani waliwaita hivyo binti zao, na mpaka leo huwaita.

"Kashata hanipendi! Kila ninachompa anakataa!"

Mama alikuwa na moshi machoni, mwiko mkononi, na Kheri mgongoni. Kheri naye alikuwa akilia, njaa inamuuma.

"Njoo ukae hapa," Mama akasema. "Ngoja nimlishe mdogo wako, kisha tumtazame huyo Kashata."

Siwema akakaa kwenye kigoda. Akafuta pua kwa mkono. Akatazama chungu.

Toko-toko-toko, samaki walichemka.

Mama akachota kipande kimoja cha samaki. Akakiweka kwenye bakuli la Kheri. Akaichambua nusu yake kwa vidole, akatoa miiba yote, hata ile myembamba kama uzi.

Baada ya hapo ndipo akatia chungu chumvi. Akatia vitunguu. Akatia nyanya. Akatia pilipili.

Siwema alikuwa ameliona jambo hili kila siku ya Mungu. Lakini leo alilitazama.

"Mama," akasema. "Kwa nini unamtolea Kheri kabla ya chumvi?"

"Tumbo lake bado changa. Pilipili na vitunguu atavikuta mbele, haviendi popote. Hata wewe nilikutolea hivyohivyo. Na mimi mama yangu alinitolea, Mungu amrehemu."

Mama akaacha kukoroga. Akatazama chungu kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Kisha akaendelea kukoroga.

Siwema akamtazama Kheri, na meno yake mawili.

Akamkumbuka Kashata, na vijino vyake vidogo kama punje za mchele.

Akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Mama! Kashata haoni haya! Kashata ana tumbo changa!"

"Kwani ulikuwa unampa nini?" Mama akauliza.

Siwema akasema yote. Chai ya sukari. Nyama ya pilipili. Andazi. Hata kisahani cha kikombe chenye maua akakisema, maana aliyeanza kusema kweli huwa hajui pa kuishia.

Mama akacheka mpaka kanga ikamteleza begani.

"Maskini Kashata! Ndiyo maana mkeka wangu ulipatwa na balaa! Mwanangu, huyo si mgeni. Mgeni hupewa cha sebuleni. Huyo ni mtoto, na mtoto hupewa cha jikoni, kabla ya chumvi."

Siwema akachungulia chungu. Moyo ukamshuka.

"Lakini chumvi umeshatia."

Mama naye akachungulia chungu. Kisha akachungulia bakuli la Kheri.

"Kheri," akasema, "utamgawia mwenzio?"

"Ba!" Kheri akasema.

"Amekubali," Mama akasema.

Siwema akapewa nusu ya pili, ile ambayo Mama hakuwa ameichambua. Akaichambua mwenyewe kwa vidole. Alitoa mwiba mmoja, halafu mwingine. Akapapasa tena, akatoa wa tatu uliojificha. Akapuliza ipoe.

Fuuu. Fuuu.

Akaiweka kwenye sahani ya bati, sakafuni jikoni, karibu na kigoda. Pembeni akaweka kibakuli cha maji. Maji matupu, bila iliki.

Hakuimba, wala hakusema usione haya. Alikaa tu, mikono mapajani, akangoja.

Kwa muda mrefu hakukutokea kitu.

Kisha pua ndogo ikatokeza mlangoni. Masharubu yakafuata. Mguu mmoja. Mguu wa pili.

Kashata akaja mpaka kwenye sahani. Akanusa.

Akageuza uso.

Siwema akashika pumzi.

Kumbe Kashata alikuwa anamtazama Kheri, aliyekuwa anatafuna na kujipaka samaki mashavuni. Akamtazama, akamtazama. Halafu akainamisha kichwa.

Nyamu.

Nyamu-nyamu.

Nyamu-nyamu-nyamu!

Alikula mpaka sahani ya bati ikateleza sakafuni, krrr, krrr, naye akaifuata huku analamba. Akaja kwenye maji. Lap, lap, lap. Kisha akanyanyua kichwa.

"NYAU!"

Hiyo sasa ilikuwa sauti ya paka.

Siwema alifurahi, akalia tena. Siku ile alilia sana, tusimcheke.

"Mwongeze, Mama! Mwongeze!"

"Taratibu," Mama akasema. "Tumbo dogo halijazwi mara moja. Apate kidogo sasa, kidogo baadaye, na kidogo kabla ya kulala."

Na hivyo ndivyo walivyofanya.

Ijumaa mchana, sauti ikasikika mlangoni.

"Hodi hapa!"

Bi Zamda alikuja na kikapu kitupu. Siwema akaenda kumpokea.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba, mjukuu wangu. Yuko wapi?"

Hakuhitaji kuuliza. Kashata alikuwa ameshakivamia kikapu. Aling'ang'ania mpini, akauma, akaanguka chali, akauma tena.

Bi Zamda akamnyanyua. Akampapasa tumbo. Akampapasa tena kwa uhakika zaidi.

"Huyu amekula," akasema. "Mmempa nini?"

"Samaki wa kuchemsha," Siwema akajibu. "Hana chumvi. Hana kitunguu. Hana pilipili wala miiba. Na maji."

"Hee! Nani amekufundisha?"

"Kheri."

Bi Zamda akamtazama Kheri, aliyekuwa anatafuna kidole chake mwenyewe. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Basi," akasema, "kikapu changu kitarudi kitupu."

Siwema akamkimbilia. Akamkumbatia Bi Zamda kiunoni, na uso wake akauzamisha kwenye kanga yake.

Mama akaleta chai.

"Asanteni, nimeshiba," Bi Zamda akasema.

Siwema akammiminia kikombe kizima. Huyu alikuwa mgeni kweli.

Jioni ikaingia. Kandili ikawashwa. Siwema akanawa miguu, akapanda kitandani. Kheri alikuwa ameshalala upande wa ukutani, ngumi mdomoni.

Kitu kikaruka kitandani. Tup!

Kikazunguka mara moja. Kikazunguka mara mbili. Kikajikunja katikati yao, tumbo likiwa duara na la moto.

Ngrrr... ngrrr... ngrrr...

Baba akarudi kutoka kazini. Siwema alimsikia akivua viatu mlangoni, kimoja, halafu cha pili. Akasikia harufu ya grisi ya reli, ambayo kwake ilikuwa harufu ya Baba.

"Watoto wamekula?" Baba akauliza kwa sauti ya chini.

Bibi Siwema husimulia haya mpaka leo. Nyumba ile ilishabomolewa. Baba hayupo. Mama hayupo. Kashata aliishi miaka mingi, akanenepa, akazeeka vizuri, naye hayupo. Lakini sauti ya Mama bado anaisikia, anasema, kama ya jana.

"Wamekula," Mama alimjibu Baba. "Wote watatu."